Danja na Malaika wa Radi

Wiki iliyopita wingu la mvua lilinikuta kwenye kituo cha mafuta, nikajibana ukutani pamoja na watu wengine wasiokuwa na haraka ya kuloa. Ngurumo ya kwanza ilipopiga, mbwa mmoja alitoka alikokuwa amelala akajipenyeza chini ya gari dogo la mizigo. Mimi, mtu mzima mwenye viatu vya kazini na mkoba begani, nikajikuta nimechuchumaa, mkono umelala juu ya mbavu zake, nasema maneno ambayo sikuwa nimeyasema tangu utoto. Mlinzi wa kituo akaniuliza kwa Kizulu kama mbwa ni wangu. Nikasema hapana. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeongea peke yake barabarani. Lakini harufu ile ya manyoya makavu na lami ya moto inayosubiri maji ilikuwa imeshanirudisha Mayfair, mtaa wa Johannesburg, kwenye ua wa nyuma, kwa Bibi na Danja.

Tulikuwa tumepanga vyumba vya nyuma, vyenye paa la bati, katika ua wa nyumba kubwa ya Mhindi mmoja tuliyemwita Anko. Nyumba yenyewe ya mbele ilikuwa tupu, ikingoja kukarabatiwa. Kila nikikumbuka utoto wangu naikumbuka ikingoja. Baba alikuwa fundi cherehani Marshalltown, katikati ya jiji, mashine yake akiiweka barazani nje ya duka la vitambaa. Mama alikuwa msusi. Kwa hiyo mchana nikitoka shule niliachwa na Bibi, mama yake baba, mwanamke wa Buyenzi kule Bujumbura, ambaye alikuja Johannesburg akaishi humo kana kwamba hajatoka Buyenzi. Kiingereza hakukijua na wala hakukitaka. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, kwa muuza nyanya, kwa nesi wa kliniki, kwa Anko. Akisema tu "mwambie," nilijua kazi imeanza.

Danja alikuja na nyumba, kama geti na bomba la uani. Anko ndiye aliyempa jina hilo, yaani "hatari" kwa Kiingereza, nadhani kwa matumaini. Alikuwa mkubwa, rangi ya mkate ulioungua pembeni, kichwa kama ndoo, na watu waliopita nje walivuka barabara wakimwona. Kazi yake ilikuwa kulinda nyumba tupu. Bibi hakuwa na ugomvi naye. Alimwekea maji kwenye kopo asubuhi na jioni, akiyamimina kwa mbali ili matone yasimrukie, na kama ugali ulibaki ulikuwa wa Danja. Lakini mbwa hakuingia ndani. Sisi tuliswali ndani, na mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa huna budi kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. "Ni kiumbe cha Mungu," Bibi aliniambia, "na nafasi yake ni getini."

Mimi nilimpenda kwa siri. Bibi akilala mchana nilikwenda kukaa karibu na mnyororo wake, nikamkuna nyuma ya masikio, kisha nikanawa haraka haraka nikidhani sabuni inatosha.

Sasa, mtu asiyewahi kukaa Johannesburg majira ya joto hajui mvua ya pale ilivyo. Asubuhi mbingu inakuwa safi hadi unaiamini. Baada ya adhuhuri mawingu yanaanza kupandana upande wa vilima vya mchanga wa migodi, meupe kwanza, halafu ya kijivu, halafu yenye weusi wa bluu kama jeraha la kugongwa. Mwanga unageuka wa manjano. Upepo unakatika, ndege wananyamaza, hata watoto wa jirani wanaacha mpira. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya kile kilikuwa kingi mno. Kisha mbingu inapasuka. Kule haingurumi kwa mbali na kukupa nafasi ya kujiandaa. Inapasuka juu ya kichwa chako, na chini ya bati unausikia mshindo kwenye meno.

Niliogopa. Nataka niseme wazi, maana watu wakikua hujifanya walikuwa mashujaa. Siku za joto nilikuwa nachungulia dirisha la darasa kuanzia saa nne, natafuta wingu la kwanza.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Alichomoa nyaya zote ukutani, hata ya friji. Alifunika kioo kwa kanga. Aliweka visu na vijiko kwenye droo, akanitoa vibanio kichwani, na kama nimevaa chochote chekundu nilikivua. Hapo akaniweka chini ya meza ya jikoni, akasema, "Omba hapo ulipo, mutoto," akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Huo mlango uliniumiza kuliko radi yenyewe. Nilisikia sauti yake upande wa pili ikisoma dua, neno hilohilo tena na tena, kwa kasi, na nikajipa maelezo. Niliamini kwamba dua ya Bibi ndiyo iliyoshikilia paa letu. Niliamini pia kwamba ananifungia nje kwa sababu nanuka mbwa, na mtu anayenuka mbwa akikaa karibu, dua haipandi. Sikumuuliza. Nilijua atasema ndiyo.

Na nje, Danja alikuwa anakufa kwa hofu. Yeye alianza kabla ya sisi sote. Mbingu ikiwa bado safi, masikio yanalala, mate yanamtoka, anazunguka mnyororo unamsokota. Radi ikianza analia kwa sauti nyembamba ambayo hukutegemea itoke kwenye kichwa kama kile. Mnyororo ulimfikisha mlango wa jikoni, akaukwaruza hadi kucha zikatoka damu. Siku moja alikata mnyororo, akaruka ukuta, akakutwa amejibanza kwenye ngazi za duka la Msomali, mguu mmoja umechanika. Msomali mwenyewe alimrudisha kwa kamba ndefu sana, kila mmoja akitembea upande wake wa njia.

Anko alikuja kuangalia. Hakuwa mtu mkali. Alivaa kofia ya kufumwa na kila mara alimletea Bibi sambusa. Alimtazama Danja akatikisa kichwa. Aliniambia nimwambie Bibi kwamba mbwa wa ulinzi anayekimbia mvua hana anachokilinda, na kwamba likitokea jambo jingine atampeleka kwa daktari wa wanyama apigwe sindano ya kulala. Nilimtafsiria Bibi. Sikujua neno zuri la sindano ile kwa Kiswahili, nikasema tu, "Atamuua, Bibi." Bibi akaitikia kwa kichwa, akaangalia pembeni.

Tangu siku hiyo kila wingu lilikuwa na hofu mbili ndani yake, yangu na ya Danja.

Dawa niliipata madrasa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba radi ni malaika aliyepewa mawingu ayaswage, kama mchungaji na ng'ombe wake, na mlio tunaousikia ni wa kazi hiyo. Siku nyingine kabisa, katika somo la usafi, alitufundisha kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Wenzangu waliandika yote mawili wakaenda kununua barafu. Mimi nilikaa nikajumlisha. Kama radi ni malaika, na malaika haingii penye mbwa, basi mtu akiwa na mbwa ndani ya nyumba radi itamruka. Niliona ajabu kwamba watu wazima, pamoja na elimu yao yote, hawakuwa wamelifikia jambo hilo.

Kulikuwa na tatizo moja, na nililipima kwa uzito wote wa umri wangu. Malaika wa rehema nao wangebaki nje, na dua ya Bibi ingefikaje? Lakini rehema sikuwahi kuisikia ikipasua mbingu. Nikaamua kwamba kwa muda wa mvua moja tu tungeweza kukaa bila malaika wa aina yoyote.

Mara ya kwanza nilifanya hivyo Bibi alipokwisha funga mlango wake. Nilifungua mnyororo, na Danja akaingia jikoni mwenyewe, akajikunja chini ya meza, akanilalia miguu. Alikuwa mzito na wa moto, na alitetemeka mpaka vikombe vikagongana juu yetu. Na radi, nawaapia, ilikwenda kupiga mbali, upande wa Soweto. Ilipoisha nikamrudisha getini, nikapiga deki, nikanawa kwa udongo. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha ikaja mvua ya mawe.

Siku hiyo mwanga haukuwa wa manjano, ulikuwa wa kijani. Bibi alichomoa nyaya mikono ikimchelewa, akaacha kijiko mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mlango ukafungwa. Nilimwingiza Danja bado mkavu, na tulipofika chini ya meza tu mawe yakaanza, machache kwanza, kama mtu anayetupa kokoto batini kwa uchokozi, halafu yote kwa pamoja. Sikuweza kusikia kilio changu mwenyewe. Kioo cha dirisha la jikoni kilivunjika na mawe yakaruka ndani, meupe, makubwa kama mayai ya njiwa, yakazunguka sakafuni hadi kwenye magoti yangu. Nilimkumbuka Baba, yuko barazani na mashine ya chuma. Nikamshika Danja shingoni nikamwambia malaika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ili kusiwe na kisingizio, kwamba hapa kuna mbwa.

Jibu likaja. Nuru iliingia nyeupe kila mahali, hata chini ya meza, na mshindo ukaja ndani yake palepale. Nguzo ya umeme ya nyuma ya ukuta wetu ilikuwa imepigwa. Danja alinichomoka mikononi, akaipindua meza, akajirusha kwenye mlango wa Bibi kwa kichwa chake chote cha ndoo. Komeo likang'oka.

Nilimfuata nikitambaa. Nilidhani namfuata kwenda kuona mwisho wa dunia: mbwa amekanyaga msala, Bibi amesimama juu yake na fimbo, paa linaondoka kwa sababu dua imekatika. Msala ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kitanda. Bibi alikuwa chini, kwenye upenyo kati ya kabati na ukuta, amekalia mto, kanga imemfunika kichwa, na Danja amejisokomeza mapajani mwake. Alikuwa amemkumbatia. Mikono yake yote miwili ilimzunguka mbavu na amembana kifuani, na midomo yake inasema dua kwenye sikio la mbwa.

"Funga mlango, mutoto," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Njoo."

Nikaona yote na nisielewe chochote. Nilidhani Bibi amemwonea mbwa huruma, akashuka chini kumfuata kwenye kona. Nilimpenda kwa hilo hadi nikaanza kulia upya. Niliingia kwenye upenyo ule, tukakaa watatu tumebanana, bati likipigwa juu yetu, na kitu cha ajabu nilichokigundua ni kwamba Danja alikuwa ameacha kutetemeka kabla yangu.

Mvua ilipokatika, ua wote ulikuwa mweupe na unafuka moshi wa baridi. Bibi alifungua mikono polepole. Alimpapasa Danja mgongoni, akatazama kiganja chake.

"Mkavu huyu," alisema. "Kavu kwa kavu hakuna najisi." Kisha akaona mkono wa gauni lake umelowa mate mpaka kiwikoni. "Haya sasa ni habari nyingine. Nani amemwingiza ndani?"

"Mimi, Bibi."

"Kwa sababu gani?"

Nikamweleza. Malaika, mawingu, somo la usafi, hesabu yangu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akacheka hadi akashika kabati, cheko la mtu aliyenusurika kufa.

"Bon," alisema kwa Kifaransa cha kwao akijifuta macho. "Kwa hiyo umeweka mbwa ili malaika asipite."

"Ndiyo, Bibi. Lakini amepita."

"Malaika ana kazi aliyotumwa. Hakutafuti weye, wala hamtafuti huyu."

"Sasa mbona anapiga hapa?"

"Anapiga kote, mama. Sisi tuko hapa, ndiyo maana tunasikia hapa."

Tukatoka uani. Bibi alisogeza mawe ya mvua kwa mguu, akachimba udongo chini yake, ukiwa baridi kama kitu cha kwenye friji, akajiosha, akaniosha, akafua gauni. Hakumfukuza Danja. Jioni Baba alirudi salama, ameloa hadi soksini, akauliza komeo la mlango wa Bibi limefanya nini. Bibi alisema lilikuwa bovu siku nyingi.

Baada ya hapo mambo ya nyumba yetu yalibadilika kimyakimya. Bibi alihamishia msala chumba cha mbele. Baba alipomuuliza, alisema kule kwake kuna unyevu. Alitandika blanketi kuukuu kwenye upenyo ule na akaweka sheria: mbwa aingie kabla ya tone la kwanza, angali mkavu. Kwa hiyo sikuwa tena natazama mawingu. Nilitazama masikio ya Danja. Yakilala tu, hata jua likiwa kali, nilimfungua, na Bibi alikuwa ameshaandaa kipande cha kitenge cha zamani cha Mama. Alimzungusha nacho mbavuni mara mbili akakikaza, kama mtoto anavyofungwa mgongoni.

"Mutoto akishtuka humpigii kelele," alisema. "Unamfunga vizuri, ajue mwisho wa mwili wake uko wapi."

Alimwekea mkono ubavuni, mzito, bila kumpapasa, na akasoma polepole. Siku zisizo na mvua alinipa kazi ya kugonga beseni la bati nje ya dirisha, yeye akimrushia Danja vidonge vya ugali kwa ndani. Leo polepole, kesho zaidi kidogo. Siku moja nilichoka na upole, nikaligonga kwa nguvu zangu zote. Danja aliinua kichwa, akasubiri kidonge chake. Bibi ndiye aliyeruka, sahani ikamtoka mkononi ikavunjika. Nilicheka sana. Yeye akaokota vigae bila kunitazama, akasema kwa leo inatosha.

Sisemi hofu iliisha. Radi ikija mimi bado nilikuwa nashika pindo la gauni la Bibi hadi vidole vinakufa ganzi, na kuna nyakati sote watatu tuliruka pamoja. Lakini mikwaruzo ilikoma, damu ya kucha ilikoma, na Danja hakuruka ukuta tena. Nikaanza kuamini kwamba ameokoka.

Halafu, siku ya mvua kubwa, tukiwa watatu kwenye upenyo wetu, wezi waliingia nyumba ya mbele wakang'oa mabomba yote ya shaba. Hatukusikia kitu. Nani angesikia chini ya bati lile? Jirani ndiye aliyeona maji yanatiririka barabarani, akampigia Anko.

Alikuja kesho yake mchana, mbingu safi, na bakki, gari lake dogo la mizigo lenye wavu nyuma. Baba na Mama walikuwa kazini. Alitembea nyumba nzima, akatoka na kofia imesogea kichwani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alimfungua Danja mnyororo, akamwita kwa ulimi, na Danja, ambaye siku ya jua alimwamini kila mtu, akaruka mwenyewe nyuma ya gari. Anko akafunga wavu.

"Mwambie Khala samahani," aliniambia kwa Kiingereza. Ndivyo alivyomwita Bibi, kwa heshima. "Jana alikuwa wapi, wezi wakipita mbele ya pua yake? Kesho asubuhi daktari atampiga sindano. Hatasikia maumivu."

Nilimgeukia Bibi. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshatia udhu wa alasiri, maji bado yanamdondoka kwenye viwiko. Nilitafsiri yote, hadi maumivu.

"Mwambie alikuwa chumbani kwangu," Bibi akasema.

Nikamwambia. Anko akakunja uso. "Umekosea. Muulize tena."

"Hujakosea," Bibi alisema, maana uso ule haukuhitaji mkalimani. "Mwambie nilimwita mimi."

"Mbwa? Chumbani kwa Khala?" Anko alikuwa Mwislamu na alimjua Bibi. Hakukasirika, alishangaa. "Kwa nini?"

Bibi alishuka kizingiti. Alijifunga kanga upya, akachukua muda mrefu kwenye fundo.

"Mwambie naogopa."

Nilisema kwa Kiingereza kwamba anaogopa. Anko akauliza kama ni wezi.

"Siyo wezi," Bibi alisema. "Radi."

Hapo nikakwama. "Bibi," nikamwambia, "wewe huogopi radi. Wewe unaomba."

"Weye tafsiri tu, mama."

Nikatafsiri. Na Bibi akaendelea kwa vipande, akiningoja kila kimoja, macho yake yako kwenye tairi la gari. Ili nisipotee nilisema kama alivyosema yeye, kwa "mimi", kama nilivyofanya siku zote kliniki.

"Mwambie nilikuwa na mdogo wangu. Tulikuwa watoto. Mvua ilitukuta, tukajikinga kwenye kibanda cha sokoni, nimemshika mkono."

Nilisema: nilikuwa na mdogo wangu.

"Mwambie radi ilimchukua yeye. Mkono wake niliendelea kuushika. Sikujua."

Nilisema: sikujua. Anko alivua kofia.

"Mwambie tangu siku hiyo, ikipiga, nakaa chini kati ya kabati na ukuta na kuziba masikio. Miaka yote. Hapa pia, kabla ya mbwa huyu. Nafunga mlango nakaa pale peke yangu, ili mutoto asinione."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; msemo huo nilikuwa naujua kwa moyo, tuliimbishwa. Nilikuwa sijawahi kuuona umesimama mbele yangu ukidondoka maji ya udhu. Nilitafsiri taratibu, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha shule. Nilisema: nafunga mlango, ili mtoto asinione. Mtoto mwenyewe alikuwa mimi, na Anko alijua, na sauti yangu ikakatika kwenye neno hilo.

"Mwambie kwamba mbwa alikuwa analinda," Bibi akamalizia. "Alikuwa ananilinda mimi."

Sijui kama hilo nililisema vizuri. Nilikuwa nalia. Anko aligeuza kofia yake mkononi, akamtazama Bibi, akamtazama mbwa nyuma ya wavu. Kisha akasema, polepole ili nisikose, kwamba getini ataleta mbwa mwingine, na huyu ni wa Khala.

Alifungua wavu. Danja aliruka chini, akanipita, akampita Anko, akaenda kuegemea miguu ya Bibi kwa uzito wake wote, kama alivyozoea kwenye upenyo, isipokuwa sasa ilikuwa jua kali na watu wanatazama. Akaanza kumlamba mkono, ule uliokuwa bado na maji ya udhu. Msikitini adhana ya alasiri ikaanza. Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akichelewesha sala hata kwa ugonjwa, hakuuondoa mkono wake. Aliisikiliza adhana hadi mwisho, akaendelea kusimama, akamwacha mbwa amalize.